Gramu 1276: Ubongo, Mizani na Sera Katika Kenya ya Kikoloni, 1930–1955

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya takwimu moja. Mwaka 1934 maabara ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi ilitangaza kwamba wastani wa uzito wa ubongo wa mwanamume mwenyeji wa Kenya ni gramu 1276. Takwimu hiyo ilitoka maabara ikaingia hospitali ya wagonjwa wa akili, ikafika Geneva, na hatimaye ikawa sehemu ya hoja zilizotumiwa kuieleza vita ya Mau Mau. Makala yanadai kwamba nguvu yake haikutokana na kilichopimwa, bali na njia iliyopita na watu waliokuwa wakiisubiri. Aidha, yanaonesha kwamba katika koloni hilohilo, na katika miaka hiyohiyo, kulikuwa na ushahidi wa aina nyingine ambao ungetosha kuitilia shaka.

1. Utangulizi

Mwaka 1934 jarida la Journal of Anatomy la Uingereza lilichapisha kazi iliyofanywa Nairobi na F. W. Vint, mwanapatholojia wa maabara ya utafiti wa tiba ya serikali. Vint alikuwa amepima bongo 100 za wanaume wazima, wenyeji wa Kenya, waliokwisha kufariki. Wastani wa uzito alioupata ulikuwa gramu 1276. Aliulinganisha na wastani wa gramu 1428 uliotokana na vipimo vya Wazungu vilivyokwisha kuchapishwa, akakuta upungufu wa asilimia 10.6. Kisha alikata vipande vyembamba vya gamba la ubongo, akavitazama kwa hadubini na kupima unene wa tabaka zake, akaeleza kuwa huko nako kulikuwa na upungufu. Hatimaye alikisia kwamba ukuaji wa ubongo wa mwenyeji wa kawaida unaishia pale anapofikia mvulana wa Ulaya mwenye umri wa miaka 7 hadi 8.

Miaka 20 baadaye, serikali ya koloni hilo ilikuwa inawahamisha Wakikuyu zaidi ya milioni moja kutoka katika makazi yao ya asili na kuwaingiza katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa na askari. Miongoni mwa maandishi yaliyounga mkono hatua hiyo ni ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kuutegemea ushahidi wa Vint.

Makala haya hayadai kwamba mizani ya Vint ndiyo iliyojenga vijiji hivyo. Serikali ilikuwa na sababu za kijeshi zilizojitosheleza, na ingevijenga hata kama Vint asingezaliwa. Swali letu ni jingine, na pengine lina manufaa zaidi kwa wale wanaoombwa kila siku kuishauri serikali kwa kutumia matokeo ya sayansi: kipimo kinachofanywa juu ya meza ya kuchunguzia maiti kinapitia wapi hadi kufika juu ya meza ya mtunga sera? Na nani hukisindikiza njiani?

2. Mathari na watu wa yujeniki

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 ikiwa makao ya kuwazuilia watu walioitwa wendawazimu, ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo hospitali pekee ya aina yake kwa koloni zima. Mgonjwa hakufika pale kwa kutafuta tiba. Kwa kawaida aliletwa kwa mkono wa dola, kwa kuwa amevuruga amani mahali ambapo Mzungu au karani wa serikali alimwona. Aliyerukwa na akili kijijini, akatunzwa na mama yake au na mganga, hakuingia katika kitabu chochote. Jambo hili litatufaa baadaye.

Katika miaka ya 1930 Mathari ilisimamiwa na daktari H. L. Gordon. Gordon alikuwa muumini wa yujeniki, yaani fikra kwamba uzao wa binadamu unaweza na unapaswa kuboreshwa kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Fikra hiyo haikuwa ya wachache wenye vichwa vya ajabu. Ilifundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na iliheshimiwa na watu waliojihesabu kuwa wapenda maendeleo. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa jamii za watu, na Gordon alikuwa mstari wa mbele. Alipima vichwa vya wenyeji kwa utepe na kukokotoa ujazo wa mafuvu. Hoja aliyoirudia katika maandishi na hotuba ilihusu shule: je, elimu ya Kizungu inafaa kumwagiwa ubongo ambao huenda hauna chombo cha kuipokea?

Hapo ndipo swali lilipoanzia. Serikali ilikuwa inabishana na wamisionari na walowezi kuhusu kiasi gani cha fedha kitumike kumsomesha Mwafrika, na kwa elimu ya aina gani. Gordon alihitaji ushahidi mzito kuliko utepe, na Vint alikuwa na maiti na mizani. Kwa hiyo bongo 100 zilipowekwa kwenye mizani, jibu lililotarajiwa lilikuwa limekwisha kutamkwa. Hatuna haja ya kusema kwamba Vint alidanganya. Inawezekana kabisa kwamba kila gramu aliyoiandika ilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa katika maana aliyopewa msomaji.

Gordon na wenzake walijaribu kuishawishi Uingereza igharamie utafiti mkubwa zaidi. Wizara ya Makoloni haikukubali. Baadhi ya wakosoaji katika Uingereza waliona siasa iliyokuwa nyuma ya ombi hilo, na upepo wenyewe ulikuwa unageuka, kwa maana Ujerumani ilikuwa imeanza kuonesha yujeniki inafika wapi ikipewa nguvu za dola. Chama cha Nairobi kilififia. Takwimu haikufifia.

3. Mizani hupima nini?

Ili kuelewa kosa lilipo, inabidi tutoke kidogo katika historia na kuingia katika ubongo wenyewe.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake. Kwa makadirio yanayokubaliwa leo, una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli hupokea na kupeleka ishara: mkondo mdogo wa umeme husafiri katika uzi wa seli, na unapofika mwisho wa uzi huo, kemikali hutolewa katika upenyo mwembamba na kuiamsha au kuituliza seli inayofuata. Upenyo huo huitwa sinapsi, jina lililoanza kutumika mwaka 1897 katika maandishi ya Charles Sherrington wa Uingereza. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906 na Camillo Golgi wa Italia, alikuwa amekwisha kuonesha kwa michoro yake kwamba ubongo ni msitu wa seli zilizo mbalimbali, ambazo kazi yake inategemea jinsi zinavyounganishwa. Kujifunza ni kubadilika kwa miunganiko hiyo. Inayotumiwa huimarika, isiyotumiwa hudhoofika, na katika utoto mingi hupunguzwa kabisa.

Mizani haioni sinapsi. Hadubini ya mwaka 1934, ikitumiwa kupima unene wa tabaka, haikuweza kuzihesabu. Uzito wa ubongo, kwa upande mwingine, hubadilika kwa mambo mengi yasiyohusiana na akili. Hutegemea ukubwa wa mwili na umri. Hutegemea marehemu alikufa kwa maradhi gani, aliugua kwa muda gani na alikula nini wakati wa ugonjwa. Hutegemea saa zilizopita kati ya kifo na upimaji, mahali kisu kilipokata uti wa mgongo, kama utando na maji viliondolewa au vilibaki, na kama ubongo ulilowekwa katika formalini, ambayo hubadilisha uzito na ujazo. Mwaka 1970 Phillip Tobias, mwanaanatomia wa Johannesburg, aliyaorodhesha mambo ya aina hii na kuonesha kwamba tafiti zilizolinganisha bongo za jamii mbalimbali hazikuyadhibiti. Kulinganisha bongo za wagonjwa maskini wa hospitali ya Nairobi na namba zilizopatikana Ulaya kwa mikono mingine, visu vingine na maiti wengine ni sawa na kulinganisha magunia mawili bila kuuliza kama moja lina mahindi mabichi na jingine makavu.

Ikumbukwe pia kwamba wasomi wa zama za Vint walikuwa na mfano ambao ungepaswa kuwafanya wasite. Mwandishi wa Urusi Ivan Turgenev, aliyefariki mwaka 1883, alikuwa na ubongo wa gramu zipatazo 2012. Anatole France, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1921 na kufariki mwaka 1924, alikuwa na ubongo wa gramu zipatazo 1017. Huyu wa pili angewekwa kwenye mizani ya Nairobi angekuwa chini kabisa ya wastani wa wenyeji. Hakuna aliyependekeza kwamba Mfaransa huyo alikuwa na akili ya mtoto wa miaka 7.

4. Ushahidi uliokuwa jirani

Kinachomshangaza mwanahistoria si kwamba Vint hakujua yaliyogunduliwa baada yake. Kinachoshangaza ni kile ambacho Nairobi ilikuwa nacho tayari.

Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha ripoti ya John Boyd Orr na John Langton Gilks kuhusu lishe na afya ya Wamasai na Wakikuyu. Gilks hakuwa mtu wa nje. Alikuwa amewahi kuongoza idara ya tiba ya koloni la Kenya, idara ileile iliyokuwa na maabara ya Vint. Ripoti ilieleza kwamba mwanamume wa Kimasai, aliyekula nyama, maziwa na damu, alimzidi mwanamume wa Kikuyu, aliyekula zaidi nafaka na mizizi, kwa wastani wa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Waandishi waliihusisha tofauti hiyo na chakula. Wanahistoria wa baadaye wameikosoa ripoti hiyo, na kwa haki: iliwagawa watu kwa makabila kana kwamba kila kabila lina sufuria moja, na haikuwasikiliza vya kutosha wanawake waliopika. Hata hivyo, ilikuwa imeweka hadharani jambo moja kubwa. Ndani ya koloni moja, miili ya watu iliweza kutofautiana sana, na chakula kilitajwa kuwa sababu.

Ubongo mkubwa huenda na mwili mkubwa. Mtafiti aliyekuwa na ripoti ya 1931 mkononi angeuliza, mwaka 1934: wanaume hawa 100 walikuwa na vimo gani? Walikula nini utotoni? Wangapi walikufa baada ya kukonda kwa miezi kadhaa? Hayo ndiyo maswali ambayo kulinganisha kwake kulihitaji, na ndiyo ambayo hitimisho lake lililiruka. Idara moja ilikuwa na nyaraka mbili, moja ikisema mwili wa mtu hufuata chakula chake, nyingine ikisema ubongo wake hufuata asili yake. Ya pili ndiyo iliyonukuliwa.

Sababu yake si ngumu kuiona. Kukubali hoja ya chakula kungeleta bili. Kungeuliza kuhusu ardhi iliyochukuliwa, kuhusu mishahara ya vibarua na posho ya unga wanayopewa, kuhusu kodi. Hoja ya asili haikuwa na gharama yoyote. Kinyume chake, iliokoa fedha za shule.

5. Kutoka Nairobi hadi Geneva

Mwaka 1938 Mathari ilipata msimamizi mpya, John Colin Carothers, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Kenya tangu mwaka 1929. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili kwa kina, alijifunza kazini. Alibaki Mathari hadi mwaka 1950. Watu waliomsoma bila chuki humwona kuwa mtu mpole aliyewajali wagonjwa wake, na hili linafaa kusemwa, kwa sababu historia ya mawazo haya haikuandikwa na wakatili peke yao.

Carothers alihesabu waliolazwa Mathari kuanzia mwaka 1939 hadi 1943 na kukadiria kwamba walikuwa 3.4 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Kiwango hiki kilikuwa cha chini mno kikilinganishwa na cha Uingereza, naye akakieleza kwa tabia na maisha ya Mwafrika. Msomaji atakumbuka jinsi mgonjwa alivyofika Mathari. Kiwango cha 3.4 kilikuwa kipimo cha mkono wa serikali, kuonesha ni wagonjwa wangapi ulioweza kuwafikia. Sensa ya mwaka 1948 ilikuta watu zaidi ya milioni 5 nchini Kenya. Kutoka Turkana au Lamu hadi kitanda cha Mathari palikuwa mbali, kwa maana zote za neno hilo.

Mwaka 1951 Carothers alichapisha makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo na Mwafrika. Wakati wake ni muhimu. Miaka miwili kabla, António Egas Moniz wa Ureno alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel kwa kubuni lukotomia, upasuaji wa kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine. Maelfu ya wagonjwa wa Ulaya na Marekani walikuwa wamekatwa hivyo. Wengi walitulia, lakini walipungukiwa na uwezo wa kupanga mambo ya mbele, wa kujizuia, wa kujitambua na kujali. Carothers aliwatazama wagonjwa hao, akakumbuka Waafrika aliowafahamu, akaona wanafanana. Alihitimisha kwamba Mwafrika huitumia kidogo mno sehemu ya mbele ya ubongo wake. Katika kujenga hoja hiyo, Vint alikuwa miongoni mwa mashahidi wake.

Hapa inafaa kusimama. Kwamba sehemu ya mbele ya ubongo inahusika na kupanga, kuchagua na kujizuia ni kweli. Inathibitishwa na majeraha ya vichwa tangu kisa cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli nchini Marekani aliyetobolewa fuvu na chuma mwaka 1848 akaishi, lakini, kwa maelezo ya daktari wake, akabadilika tabia. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya hoja ya Carothers ilikuwa sayansi. Nusu ya pili ilikuwa mfanano wa macho. Mtumishi anayenyamaza mbele ya bwana wake, asiyependekeza jambo, asiyeonesha mipango ya kesho kwa mtu mwenye uwezo wa kumfukuza leo, anaweza kufanana kwa mbali na mgonjwa aliyekatwa nyuzi za ubongo. Anaweza pia kuwa anaitumia sehemu ya mbele ya ubongo wake kwa bidii sana, kujizuia kusema anachofikiri.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Carothers kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Carothers alikuwa mwangalifu zaidi ndani yake kuliko wanavyodhani wengi wanaomnukuu: alilipa uzito suala la malezi na utamaduni, na hakulifunga kabisa swali la maumbile. Lakini msomaji wa wizarani hasomi tahadhari. Anasoma jalada, na jalada lilikuwa na nembo ya shirika la kimataifa. Gramu za Vint, zilizokataliwa fedha na Wizara ya Makoloni miaka ya 1930, sasa zilikuwa zimepata makao mjini Geneva.

6. Mau Mau kama ugonjwa

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952. Serikali ilimwomba Carothers, aliyekuwa amekwisha kurudi Uingereza, aeleze vita hii kwa jicho la tabibu wa akili. Ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau ilichapwa na mpigachapa wa serikali mjini Nairobi mwaka 1954. Ndani yake, uasi ulikuwa matokeo ya watu waliotoka katika mila zao bila kufika katika ustaarabu mwingine, wenye hofu, wenye kushuku, waliozoea msitu. Suala la ardhi lilipewa nafasi ndogo. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwa kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji, na mwaka huohuo serikali ikaanza kufanya hivyo kwa nguvu.

Faida ya lugha hii kwa serikali ilikuwa wazi. Mtu mwenye madai hukaa nawe mezani. Mtu mwenye ugonjwa hulazwa. Pindi uasi ulipotafsiriwa kuwa hali ya akili, kambi ikawa tiba, na kiapo kikawa dalili.

Frantz Fanon aliliona hili mapema. Alifanya kazi katika hospitali ya Blida nchini Algeria tangu mwaka 1953 hadi 1956, na alikuta huko madaktari wa shule ya Algiers wakifundisha kuhusu Mwarabu na Mberberi mambo yaleyale yaliyofundishwa Nairobi kuhusu Mkikuyu. Katika kitabu chake cha mwaka 1961, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, alimtaja Carothers waziwazi. Lakini jibu la taratibu zaidi, na kwa maoni yangu lililokata mizizi zaidi, lilitoka Nigeria. Thomas Adeoye Lambo, kuanzia mwaka 1954, aliwatibu wagonjwa wa akili huko Aro, Abeokuta, wakiwa wanaishi na ndugu zao vijijini, akiwahusisha waganga wa jadi. Aliandika kuhusu maradhi ya akili ya Wayoruba akianza na maisha yao, bila kuhitaji mizani. Katika miaka ya 1970 Lambo alikuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, nyumba ileile iliyokichapisha kitabu cha 1953.

7. Watoto wa Kampala na Kokwet

Takwimu ya Vint ilikuwa na mpinzani mwingine, safari hii Uganda. Mwaka 1957 Marcelle Geber na R. F. A. Dean walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wachanga wa Kampala kwa vipimo vilivyotengenezwa Marekani. Watoto hao hawakuwa nyuma. Walikuwa mbele ya watoto wa Ulaya katika kushikilia kichwa, kukaa na kusimama, tangu siku za mwanzo za maisha.

Ingekuwa rahisi kufurahia na kusema kwamba sasa mizani imeinamia upande wetu. Wapo waliofanya hivyo. Wengine waligeuza hata ushindi huo kuwa kasoro, wakidai kwamba kiumbe kinachokua haraka mwanzoni husimama mapema. Wote wawili walikuwa bado wanatafuta asili. Jibu lenye manufaa lilitolewa na Charles Super katika miaka ya 1970, aliyekaa na Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya. Aliona kwamba watoto walikuwa mbele katika kukaa na kutembea, lakini si katika kutambaa. Kisha akawatazama akina mama. Walikuwa wanafundisha kukaa: mtoto aliwekwa mahali penye egemeo na kusaidiwa kila siku. Walifundisha kutembea vivyo hivyo. Kutambaa hawakukufundisha. Mfumo wa neva wa mtoto ulikuwa umekua kufuata mazoezi uliyopewa, kama Cajal angetarajia.

Bibi yeyote wa nchi zetu angeweza kumwambia Super jambo hilo kabla hajashuka garini. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya jambo linalojulikana na jambo lililoandikwa kwa namna ambayo wizara inaweza kulitumia, na Super alifanya kazi hiyo ya pili kwa unyenyekevu ambao Nairobi ya 1934 haikuwa nao: alikwenda nyumbani kwa watu.

8. Ubongo unaoumizwa

Gharama kubwa ya miaka ile si matusi, ingawa matusi yalikuwa makubwa. Ni maswali ambayo hayakuulizwa. Wakati madaktari wa Nairobi wakitafuta upungufu wa asili katika gamba la ubongo, bongo za watoto wa eneo hili zilikuwa zinaumizwa na mambo yanayojulikana na yanayozuilika: malaria inayopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, uzazi mgumu usio na mkunga, ukosefu wa madini ya joto kwa mama mjamzito, njaa ya miaka miwili ya kwanza. Mambo haya hayafuati rangi ya mtu. Hufuata umbali wa zahanati na bei ya chakula.

Utafiti wa namna hiyo ulikuja kwa kuchelewa. Kilifi, pwani ya Kenya, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kimefuatilia kwa miaka mingi watoto walionusurika na malaria kali, na kuonesha kwamba baadhi yao hubaki na kifafa au ugumu wa kusema na kujifunza. Mjini Kampala, utafiti wa Hospitali ya Mulago uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima watoto miaka miwili baada ya kupona malaria ya ubongo. Takriban mmoja katika wanne alikuwa na udhaifu katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza. Kwa macho hawakutofautiana na wenzao. Walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa wamepona.

Washauri wa sera wanaosoma juzuu hili huletewa mara kwa mara picha za ubongo zenye rangi, na namba za wastani zinazolinganisha watoto wa nchi zetu na wa nchi nyingine. Picha hizo ni bora kuliko mizani ya Vint kwa kiasi kisichoweza kulinganishwa. Maswali ya kuziuliza ni yaleyale yaliyorukwa mwaka 1934: ni bongo za nani, waliishi wapi, walikula nini, waliugua nini, na aliyelinganishwa naye alipimwa na nani, kwa chombo kipi. Na katika kisa cha watoto wa Mulago liko jambo la kuanzia ambalo halihitaji mashine: mtoto anayeruhusiwa baada ya malaria ya ubongo apewe tarehe ya kurudi kupimwa kumbukumbu na umakini wake, na barua ya kumpelekea mwalimu.